Wenye homa ya ini wanauziwa dawa za "kuongeza kinga" wakati kovu la ini linajengwa na kinga hiyo hiyo

Hadubini (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Ukipita Kariakoo siku hizi humalizi mtaa bila kukuta bango la dawa ya ini, na kwenye simu ndiyo usiseme. Maneno ni yale yale: "Una homa ya ini? Ongeza kinga, ini lipone." Watu wananunua, tena watu wenye uelewa wao, kwa sababu sentensi hiyo inaingia akilini haraka: virusi ni adui, kinga ni jeshi, ongeza jeshi. Naleta uzi huu kwa sababu kwa homa ya ini B maneno hayo yanampeleka mgonjwa siko, na matokeo yake mimi nayashika kwa mikono yangu.

Nafanya kazi maabara ya patholojia hapa Dar. Daktari akimchoma mgonjwa sindano ya ini anatoa kinyama chembamba, urefu wake sentimita moja na nusu hadi mbili, kinakuja kwangu kikiwa kwenye chupa ya fomalini. Nakizamisha kwenye nta, nakikata vipande vyembamba kuliko karatasi, navipaka rangi. Kuna rangi inayoifanya kolajeni, zile nyuzi zinazojenga kovu, ionekane ya buluu. Ini likiwa zima, buluu unaiona kidogo tu, pembeni mwa mishipa. Likiwa limeharibika, mistari ya buluu inatoka mshipa mmoja kwenda mwingine, inaungana, inazunguka makundi ya seli za ini na kulifunga kila kundi kivyake. Hiyo ndiyo sirosisi, wengi tunaita ini kusinyaa. Na pembeni mwa ile mistari, pale kovu linapoendelea kujengwa, utakuta seli za kinga zimejazana: limfosaiti, makrofaji, na nyinginezo.

Zinafanya nini pale?

Damu inayoingia kwenye ini, karibu robo tatu yake inatoka utumboni. Imebeba chakula, imebeba pia vipande vya bakteria na takataka nyingine. Ndiyo maana ndani ya vimishipa vya ini kuna makrofaji wakazi, tunawaita seli za Kupffer, kazi yao ni kumeza chochote kisichotakiwa kinachopita. Nyuma ya ukuta wa vimishipa hivyo kuna seli nyingine, seli nyota, ambazo siku za amani zimetulia zikitunza vitamini A ya mwili. Karl von Kupffer alizipaka rangi ya dhahabu mwaka 1876 akaona nyota, baadaye akazichanganya na makrofaji, na mkanganyiko ukadumu hadi Mjapani Kenjiro Wake alipouweka sawa mwaka 1971. Nawapa historia hii kwa sababu habari yote ya kovu ni mazungumzo kati ya seli hizo mbili, na kwa karibu miaka mia moja wasomi waliziona kama seli moja.

Seli ya ini ikifa, vilivyomo ndani yake vinamwagika. Makrofaji wanahisi, wanapiga mbiu kwa kemikali, na wenzao wengine wanaitwa kutoka kwenye uboho wa mifupa. Kati ya kemikali hizo ipo moja inaitwa TGF-beta. Ikiifikia seli nyota, seli ile inapoteza vitamini A yake, inabadilika umbo, inapata uwezo wa kujikaza kama msuli, halafu inaanza kufuma kolajeni. Kwa jeraha la mara moja hili ni jambo jema kabisa. Mtu akiugua homa ya ini A, ini linawaka kwa wiki kadhaa, linatulia, kolajeni iliyowekwa inayeyushwa, na anabaki na ini lake. Balaa ni jeraha lisilokwisha. Fundi anapiga plasta kwenye ufa, haijakauka ukuta unatikisika tena, anapiga nyingine juu yake, hivyo hivyo miaka ishirini, mpaka chumba kizima kinakuwa plasta.

Sasa njooni kwenye homa ya ini B. Virusi hivi vinaingia kwenye seli ya ini, vinaitumia kujizalisha, na seli inaendelea kuishi na kufanya kazi zake. Anayeiua ni seli T ya kinga, ikishagundua kwamba humo ndani kuna mgeni. Ushahidi tunao kwa watoto. Mtoto akiambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa, takriban asilimia 90 wanabaki na virusi kwa muda mrefu. Mtu mzima akiambukizwa, chini ya asilimia 5 ndio wanaobaki navyo. Yule mtoto kinga yake haipigani. Damu yake inajaa virusi kupita kiasi, na bado vipimo vya ini vinasoma vizuri na ini lenyewe ni laini, miaka na miaka. Akiwa kijana mkubwa, kinga inaamka. Inaanza kuua seli zenye virusi, haina nguvu ya kumaliza zote, wala haikubali kuacha. Kovu linajengwa kipindi hicho, na mwenyewe yuko kazini kama kawaida, haumwi popote.

Mtu wa namna hiyo ndiye anayeambiwa aongeze kinga.

---

Kijana wa Buguruni

Mkuu, hapo kwenye "haumwi popote" umenishtua. Yaani mtu anatembea na ini linafungwa kamba na hajui?

---

Hadubini

Ndiyo, kaka. Nyama ya ini lenyewe haina mishipa ya maumivu, ngozi yake ya nje ndiyo inayo. Na ini lina akiba kubwa, sehemu iliyobaki inabeba kazi yote kwa muda mrefu. Miguu kuvimba, tumbo kujaa maji, kutapika damu, kuchanganyikiwa: hizo ni dalili za akiba kwisha.

---

Mtaa wa Mkunguni

Mleta uzi, mimi ni muuzaji wa dawa za asili na sijifichi. Wateja wangu wanarudi kunishukuru, macho yalikuwa njano yamekuwa meupe, hamu ya kula imerudi. Wazee wetu walitibu manjano kabla ya hizo hadubini. Halafu jibu na hili: mbona hospitali wanapima mtu, wanamkuta na homa ya ini, wanamwambia "rudi nyumbani, huhitaji dawa bado"? Huyo mtu aende wapi? Anakuja kwetu.

---

Hadubini

Nashukuru umekuja kwa jina lako, na swali lako la mwisho ni la haki kabisa.

Nianze na macho kuwa meupe. Mtu mzima anayepata homa ya ini B kwa mara ya kwanza, zaidi ya asilimia 95 wanavimaliza virusi wenyewe ndani ya miezi sita. Aliyekunywa mwarobaini atapona, aliyekunywa maji atapona. Na kwa yule mwenye virusi vya muda mrefu, moto wa ini unapanda na kushuka wenyewe kwa mawimbi. Ukimpa dawa wimbi likiwa juu, wiki zijazo litashuka, na dawa yako itapewa sifa. Simaanishi unadanganya watu. Namaanisha hakuna wewe wala mteja wako anayeweza kulijua hilo kwa kutazama macho.

Kuhusu "huhitaji dawa bado": kuna vipindi ambavyo virusi na kinga vimetulia, na kwa mtu wa hivyo kinachotakiwa ni kupimwa tena na tena, kwa sababu utulivu ule unaweza kwisha wakati wowote. Tatizo ni kwamba wengi wanaambiwa nusu ya sentensi. Wanasikia "huhitaji dawa", hawasikii "rudi baada ya miezi sita". Hapo nakubaliana na wewe, wanaachwa njia panda. Na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipanua mwongozo wake ili watu wengi zaidi waanzishiwe dawa mapema, kwa hiyo aliyeambiwa "bado" miaka ya nyuma akaulize upya.

Ombi langu kwako ni hili, ndugu yangu. Mteja akija, mwulize kwanza kama amepima. Ipo mimea yenye sumu zinazoziba vimishipa vya ini lenyewe, na ini ambalo tayari lina kovu halihimili hata kidogo. Kuongeza kinga dhidi ya homa ya ini B kupo, ni chanjo, na inatakiwa ifike kabla ya virusi.

---

Mwaka wa Nne

Naomba kuchangia, na kidogo kupinga. Umesema kuongeza kinga ni kumpeleka mgonjwa siko. Lakini interferon ni dawa halali ya homa ya ini B, na kazi yake ni kuichochea kinga. Hapo vipi?

---

Hadubini

Umegusa penyewe. Interferon inachochea kinga kweli, na ni sindano ya kila wiki kwa wiki 48. Tazama lakini inavyotolewa. Anachaguliwa mgonjwa ambaye ini lake bado lina nguvu, anapimwa damu mara kwa mara, na wanaofanikiwa kuvidhibiti virusi baada ya matibabu ni wachache kuliko wasiofanikiwa. Mwenye sirosisi iliyokwisha kuleta maji tumboni hapewi. Sababu ni hii hii tunayoizungumza: kinga ikichochewa itashambulia seli zenye virusi, na mtu huyo hana seli za kupoteza. Moto ule unaweza kumuua.

Mfano wa pili uko CTC, kliniki ya wenye VVU. Tenofovir iliyomo kwenye TLD, kidonge cha VVU, inadhibiti VVU na pia virusi vya homa ya ini B. Mtu mwenye vyote viwili akiacha TLD ghafla kwa sababu anajisikia vizuri, virusi vya ini vinarudi, kinga inavikuta, ini linawaka kwa kishindo. Mwenye ndugu anayetumia TLD amkumbushe hilo.

---

Mzawa wa Ukerewe

Salama wakuu. Mimi nimekulia Ukerewe, sasa niko Mbezi. Kule kwetu watu wanavimba matumbo na kutapika damu bila kunywa pombe wala kuwa na homa ya ini. Tulikuwa tunaambiwa kichocho. Lakini huku Dar nikitaja kichocho watu wanajua mkojo wa damu tu. Na hapo kinga inahusika?

---

Hadubini

Inahusika kuliko popote, na nafurahi umeuliza, kwa sababu bila kichocho uzi huu ungebaki nusu.

Kichocho cha huku Pwani kwa kawaida ni cha kibofu, ndiyo ile damu kwenye mkojo. Cha kwenu Ziwa Victoria ni cha utumbo na ini, *Schistosoma mansoni*. Minyoo wenyewe wanakaa dume na jike kwenye mishipa ya damu ya utumbo, wanaweza kuishi miaka mingi, na kinga karibu haiwaoni, wamejifunika vizuri. Jike anataga mayai kila siku, hata 300 kwa siku. Mengine yanatoboa kwenda utumboni na kutoka na choo. Mengine yanachukuliwa na damu hadi kwenye ini, na kule vimishipa ni vyembamba, yanakwama.

Nimeshaliona yai hilo kwenye kipande cha ini la mtu mzima aliyehamia Dar kutoka Kanda ya Ziwa. Ni umbo la yai lililorefuka, ubavuni lina mwiba mmoja, huwezi kulikosea. Limezungukwa na duara la seli za kinga: ndani makrofaji wamelikumbatia, katikati esinofili wametapakaa, na nje kabisa mzunguko wa buluu, kolajeni. Tone moja la kovu kwa kila yai. Zidisha kwa mayai ya miaka kumi.

Na hapa ndipo nataka mniskilize vizuri, maana kinga haina hatia ya moja kwa moja. Wanasayansi walichukua panya wasio na seli T wakawaambukiza kichocho hiki. Bila lile duara la seli, sumu ya mayai ilisambaa na kuua seli za ini, na panya wakafa mapema. Kwa hiyo duara lile linaokoa maisha leo, na kovu linaloachwa nalo ndilo linaloziba njia ya damu kesho. Anayetoa amri ya kufuma kolajeni hapo ni kemikali ya kinga inayoitwa IL-13, ambayo inapanda minyoo wakishaanza kutaga.

Kinachowachanganya hata watumishi wa afya ni kwamba seli za ini zenyewe zinabaki nzima kwa muda mrefu. Hakuna manjano, ALT (kipimo cha damu kinachopanda seli za ini zikiumia) iko sawa, mtu anaonekana mzima. Lakini damu ya utumboni haipiti, presha inapanda kwenye mshipa unaoingia kwenye ini, bandama inavimba, mishipa ya koo la chakula inatutumka, na siku ikipasuka mtu anatapika damu beseni. Ukimpima homa ya ini peke yake utamwambia hana kitu.

Praziquantel inaua minyoo wakubwa, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Mayai yaliyokwama tayari haiyaondoi, ila inakata utagaji, na hapo mwili unapata nafasi. Wewe uliyekulia kule, hata kama umeondoka siku nyingi, ukienda hospitali sema wazi kwamba umekulia Ukerewe. Daktari wa Dar asiyejua hilo hataanza kulitafuta.

---

Mzawa wa Ukerewe

Nimekuelewa. Nina kaka yangu bandama yake imevimba, tulishaambiwa ni malaria za mara kwa mara. Nampigia leo hii.

---

Mama Tandika

Mwanangu Hadubini, Mungu akubariki. Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 47, aligundulika na homa ya ini B alipokwenda kuchangia damu. Alipimwa, akaambiwa vipimo "vimepanda kidogo tu", basi akarudi nyumbani. Karatasi ninayo: AST 88, ALT 64, pleteleti 110. Ultrasaundi wameandika ini "limekuwa na mikwaruzo kidogo". Anafanya kazi bandarini, ana nguvu zake. Nisaidie.

---

Hadubini

Shikamoo mama. Pole na hongera kwa kutunza karatasi.

Mimi si daktari wake, na hesabu ninayokuonyesha haimpi mtu ugonjwa. Ni ya kumsaidia daktari ajue nani wa kuwahi. Inaitwa FIB-4. Unachukua umri unazidisha kwa AST, kipimo cha jamii moja na ALT. Unapata 47 mara 88, ni 4136. Halafu unachukua kipeuo cha pili cha ALT, yaani namba ambayo ikijizidisha yenyewe inaleta 64, ni 8. Unazidisha kwa pleteleti (chembe za kugandisha damu) 110, unapata 880. Gawa 4136 kwa 880. Ni 4.7.

Waliotunga hesabu hii walikuta kwamba chini ya 1.45 uwezekano wa kovu kubwa ni mdogo, na juu ya 3.25 uwezekano ni mkubwa. Mdogo wako amepita mbali. Kwa maana hiyo neno "kidogo tu" linafaa kwa AST na ALT zikisomwa peke yake. Ukizisoma pamoja na pleteleti, picha inabadilika.

Kwa nini pleteleti? Ini likiwa na kovu, damu inarudi nyuma hadi kwenye bandama, bandama inavimba na kuzikamata. Na ini lenyewe ndilo linalotengeneza homoni ya kuuamrisha uboho uzizalishe. Kwa hiyo pleteleti kushuka kwa mtu mwenye homa ya ini B ni habari ya ini mpaka ithibitike vinginevyo. Tena ona AST imeizidi ALT. Kwenye homa ya ini isiyo na kovu mara nyingi ALT ndiyo kubwa, kovu likikua zinapishana.

Asisubiri miezi sita. Aende kliniki ya magonjwa ya ini na mfumo wa chakula akiwa na karatasi hiyo hiyo. Aombe mambo matatu: kupimwa wingi wa virusi, kupimwa ugumu wa ini kwa FibroScan kama mashine ipo, na kuelezwa kuhusu kuanza tenofovir. Wakimkuta na sirosisi, aulizie endoskopi ya kutazama mishipa ya koo. Na aache kabisa kumeza diklofenaki na dawa za maumivu za jamii hiyo anazonunua duka la dawa akitoka kazini, kama huwa anazimeza.

---

Mama Tandika

Anazimeza mwanangu. Mgongo.

---

Hadubini

Aziache mama, na amwambie daktari kuhusu mgongo.

---

Mzee wa Magomeni

Vijana, mmezungumza virusi na minyoo. Sisi wa pombe mbona mmetuacha? Mimi sijaugua homa ya ini, lakini nimekunywa sana enzi zangu.

---

Hadubini

Shikamoo mzee wangu.

Pombe inaua seli za ini yenyewe, hiyo iko wazi. Lakini ina njia ya pili inayopitia kinga. Inalegeza ukuta wa utumbo, vipande vya bakteria vinavuja kuingia kwenye ile damu inayokwenda kwenye ini, na seli za Kupffer zinavikuta kila siku kwa wingi usio wa kawaida. Zinajibu kwa hasira, seli nyota zinasikia, kolajeni inafumwa. Mafuta kwenye ini, ya watu wenye kitambi na kisukari, yanaishia kwenye mlango huo huo: seli zilizojaa mafuta zinachoka, zinakufa, makrofaji wanaitwa.

Mzee, kama umeacha, umefanya kitu kikubwa kuliko dawa yoyote ninayoijua kwa ini la pombe. Piga FIB-4 yako, ila kwa umri uliozidi miaka 65 hesabu ile huwa inapanda yenyewe kidogo, daktari aizingatie.

---

Binti Kigamboni

Dada (au kaka, samahani), nimesoma toka juu mpaka hapa na nimeogopa. Nina homa ya ini B, nilianzishiwa tenofovir, FibroScan ilionyesha F3, kovu la hatua ya tatu kati ya nne. Kovu likishakuwepo ndiyo basi?

---

Hadubini

Ni dada. Na jibu ni hapana, siyo ndiyo basi. Nilikuwa nasubiri mtu aulize hivi.

Mwaka 2013 ilichapishwa taarifa ya watu 348 wenye homa ya ini B waliotolewa kinyama cha ini kabla ya kuanza tenofovir, wakatolewa tena baada ya miaka mitano ya dawa. Kati yao 96 walianza wakiwa na sirosisi kamili. Baada ya miaka mitano, 71 kati ya hao 96 hawakuwa na sirosisi tena. Walitazamwa kwa hadubini, hayakuwa makisio ya mashine. Kabla ya hapo wengi walifundishwa kwamba sirosisi hairudi nyuma.

Kinachotokea ni hiki. Tenofovir haigusi kovu hata kidogo. Inavizuia virusi kujizalisha, kinga inakosa wa kupigana naye, na seli za ini zinaacha kufa kila siku. Seli nyota zilizokuwa zinafuma kolajeni, nyingine zinajiua zenyewe, nyingine zinauliwa na seli za kinga zinazoitwa seli NK, na nyingine zinarudi kwenye usingizi wao. Halafu makrofaji wanabadilisha kazi. Waliokuwa wanachochea kovu sasa wanatoa vimeng'enya vinavyokata kolajeni.

Mwaka 2005 lilifanywa jaribio la panya ambalo kwangu ndilo lililofunga mjadala. Walipoondoa makrofaji wakati jeraha linaendelea, kovu lilipungua. Walipowaondoa wakati wa kupona, baada ya jeraha kusimamishwa, kovu lilibaki pale pale. Kwa hiyo msije mkatoka hapa mkasema basi tutafute dawa ya kuizima kinga. Ukiizima, virusi vinazaliana bila kizuizi, na siku ikirudi inakuja na moto. Ndiyo sababu mtu anayeanza dawa za saratani au za kushusha kinga anatakiwa apimwe homa ya ini B kwanza. Yupo mgonjwa wa aina moja tu ambaye kinga yake inatakiwa izimwe, yule ambaye kinga inashambulia ini bila virusi vyovyote, na huyo anapewa prednisolone chini ya daktari. Ninyi wengine kinachotakiwa ni kuondoa kinachoichokoza.

Kuhusu kesho: huko Edinburgh, mwaka 2019, walitangaza matokeo ya wagonjwa 9 wa sirosisi waliochukuliwa seli zao za damu, zikakuzwa kuwa makrofaji maabara, wakarudishiwa. Hawakudhurika, majaribio yakaendelea. Kwa ini la mafuta lenye kovu la F2 na F3, Marekani iliidhinisha resmetirom mwaka 2024. Hizo bado ziko mbali na dirisha la dawa la hospitali ya Amana au Temeke. Tenofovir iko karibu, ni kidonge kimoja kwa siku, na wewe unakimeza tayari.

Mipaka ipo pia. Kovu la zamani sana kolajeni yake imefungana kwa nguvu na mishipa imeshapinda njia, hilo huenda lisiishe lote. Na hata kovu likipungua, hatari ya saratani ya ini inashuka bila kufika sifuri. Wewe wa F3 mwulize daktari wako kuhusu ultrasaundi ya kila miezi sita, na usiruke vidonge. Usiviache kwa uamuzi wako mwenyewe, hata kama siku moja majibu yatasoma kwamba virusi havionekani.

---

Binti Kigamboni

Nimelia kidogo, dada. Asante. Kuna mtu alinishawishi niache vidonge mwezi huu nitumie unga wa kuongeza kinga kwanza, eti mwili upumzike. Siendi.

---

Mtaa wa Mkunguni

Nimesoma yote. Mteja wa ini akija nitamwuliza kwanza karatasi ya vipimo. Lakini nanyi hospitali muwaambie watu sentensi nzima.

---

Mama Tandika

Mwanangu swali la mwisho. Mdogo wangu ana mke na watoto wawili, mmoja amezaliwa 1999, wa pili 2008. Na mke ni mjamzito. Nao?

---

Hadubini

Wote wapimwe mama, kipimo kinaitwa HBsAg, wiki hii kama inawezekana.

Nchini kwetu chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za watoto mwaka 2002, wanapewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Huyo wa 2008 tafuteni kadi yake ya kliniki, huenda alichanjwa. Wa 1999 hakupata kwa ratiba hiyo. Akipimwa hana virusi na hajachanjwa, anachoma tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya mwezi wa sita. Mke vivyo hivyo, ujauzito hauzuii chanjo hii.

Mke akikutwa na virusi, awaambie kliniki ya wajawazito mapema. Wingi wa virusi ukiwa mkubwa anaweza kupewa tenofovir kabla ya kujifungua, na mtoto anatakiwa apate chanjo ndani ya saa 24 za kwanza. Msisubiri ile ya wiki ya sita. Ulizeni kabla ya siku ya uchungu kama chanjo hiyo ipo pale atakapojifungulia, na kama haipo watafute wapi.